Injini Iliyonukia Nyama

Mwaka wa kwanza baada ya vita vya Maji Maji tulikula ngoma. Ngoma yenyewe, ya kupigwa. Baba aliishusha darini, akaibandua ngozi yake ya kiboko, mama akaichemsha siku mbili, tukaitafuna siku tatu. Chakula kingine hakikuwepo. Mashamba yalichomwa, maghala yalichomwa, na kilichosalia walikula nguruwe pori. Mtu aliyewahi kula ngozi ya kiboko haisahau harufu yake mpaka anazikwa. Lishikeni hilo, maana ndilo lililomwokoa mume wangu. Mwaka wa pili tulikula maboga. Asubuhi boga, jioni boga, watoto wakaanza kufanana na boga. Mwaka wa tatu tulikula wali. Mimi nilianza kazi mashineni Ifakara mwaka ule wa maboga. Wadachi walikuwa na namba ya mwaka huo, lakini hawakuniambia.

Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi vijana wa mashineni mmeniomba niwaandikie. Naandika. Shule yangu ni katekisimu ya miezi michache, herufi nyingine nilizisoma kwenye magunia, kwa hiyo msinisahihishe. Mambo ya mshahara na cheo siandiki. Mshahara ulikuwa mdogo na cheo kilikuwa "wewe mama." Basi, yameisha hayo.

Mwenye mashine alikuwa Mdachi mmoja aliyelima mpunga kando ya mto. Tulimwita Bwana Kengele kwa sababu alitembea na kengele mkononi. Aligonga kengele watu waanze kazi, aligonga waache kazi, na akipiga chafya aligonga pia, hatukujua kwa nini. Aliagiza injini ya kukobolea mpunga. Ikaletwa kutoka relini vipande vipande vichwani mwa watu, kama siafu waliobeba panzi aliyekufa.

Siku ya kwanza ilipowashwa ikalia paa! paa! paa! Wanaume wote waliokuwa pale walikuwa wameisikia bombomu ya Wadachi vitani, ile bunduki inayotema risasi mfululizo, kwa hiyo hawakusubiri maelezo. Mume wangu Kasimiri, ambaye tangu tuoane alikuwa akinisimulia alivyokuwa simba wa vita, aliruka mtoni na kofia yake. Wapo wanaosema alitokea mbali kule Mofu. Sisi wanawake tulibaki. Si ushujaa. Chini ya ile mashine zilikuwa zinadondoka pumba na chenga, na mwanamke mwenye njaa hakimbii mlio, anatazama kinachodondoka. Kengele ikagongwa. Bwana akatazama huku na huku, akaona wanawake tu, akaninyooshea kidole mimi kwa sababu nilikuwa karibu zaidi na chenga.

"Wewe mama. Kazi."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kasimiri naye alipokauka alipewa kazi ya kujaza maji kwenye pipa la kupozea injini. Aliipenda kazi hiyo kwa sababu pipa lilikuwa nje, na kuchota maji kulimpeleka mtoni, mbali na ule mlio.

Aliyenifundisha ni Mzee Saidi, mtu wa Kilwa, fundi wa kweli. Sikio lake moja lilikuwa zima, jingine liliharibiwa na injini, na yeye alisema lile lililoharibika ndilo lililosoma zaidi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akasema, "Marahaba. Shika gurudumu."

Nikashika. Lile gurudumu la chuma lilikuwa kubwa kunipita.

"Zungusha."

Nikazungusha. Likaenda vizuri, kisha likakataa. Nikasukuma kwa kifua, likanirudisha nyuma, nikakaa kwenye pumba. Mzee Saidi akacheka hadi akakohoa.

"Umeona? Imebisha. Injini nzima ni kama mbuzi mzima, ukimvuta kamba anabisha. Mbuzi anayekufuata kimyakimya ni mgonjwa, usimnunue."

Wanangu, hiyo ndiyo pumzi. Ninyi siku hizi mnaiita kompresheni na mna kisaa cha kuipimia. Sawa, pimeni. Lakini kabla ya kisaa kuna mkono. Pistoni inapopanda inabana hewa, na hewa iliyobanwa haina raha, inataka kutoka. Ikikosa mlango inakusukuma wewe. Ikipata mlango inatoka, na injini inakuwa kikongwe asiye na meno, inatafuna lakini haisagi.

Milango ni michache. Zungusha pole pole na weka sikio. Ukisikia "fyuu" kwenye bomba la moshi, vali ya moshi haikai sawa. Ukisikia kwenye bomba la kuvutia hewa, ni vali ya pili. Ukisikia nyuma ya pistoni, ringi zinazoizunguka pistoni zimelika. Hapo dondosha mafuta kidogo ndani ya silinda, uzungushe tena. Ikibisha sasa na kabla haikubisha, ni ringi, mafuta yameziba nafasi yake kwa muda. Ikikaa vilevile, usizisingizie ringi, katafute kwingine. Na mlango wa mwisho ni pale kichwa cha injini kinapokutana na silinda. Hapo katikati hukaa pete ya shaba, nyekundu, nene kama kidole cha mtoto, na nati sita zinaibana. Pete ikiwa mbovu, nati zako sita ni mapambo.

Mzee Saidi alinifundisha pia kupaka mafuta kwa unyoya wa kuku. Unyoya unaingia pasipoingia kidole. Wangu nilikaa nao miaka mingi sana. Nasema unyoya mmoja kwa kujivuna tu, kwa kweli kuku walibadilika.

Mpunga wa Bwana ulipokwisha kukobolewa, Mzee Saidi akarudi kwao Kilwa. Siku ya kuondoka aliniambia, "Mama, isipobisha usiipokee, hata akuletee nani." Nikaitikia haraka haraka, kama unavyomwitikia mzee anayekuchelewesha kwenda kula.

Ndipo akaja Fundi Hewala.

Jina lake la kweli sikulijua. Tulimwita Hewala kwa sababu kila ulichomwambia alijibu "hewala." Je, unajua injini? Hewala. Utamaliza kesho? Hewala. Alikuwa Mngoni aliyekaa pwani, akafungua karakana yake kando ya reli, siku nyingi kwa miguu kutoka kwetu. Sasa, Wangoni na sisi Wandamba tulipigana sana zamani, tukachoka, tukawa watani. Mtani hakasirikiwi. Anaingia kwako, anakula chungu chako, anakutukana, nawe unacheka. Ni mila nzuri, ila kwa fundi wa injini ni hatari kabisa.

Alifikia kwa mama mkwe wangu, mama yake Kasimiri. Mama mkwe siku hizo alikuwa mwembamba kama mti wa kuanikia nyavu, maana ulikuwa bado mwaka wa maboga. Lakini pombe yake ilikuwa nzito kuliko yeye. Hewala akainywa siku mbili, siku ya tatu akaja mashineni, akaweka sikio kwenye injini, nayo ilikuwa haijawashwa.

"Ina homa," akasema.

"Imekuambia?" nikamuuliza.

"Nyamaza, mla kambale. Wewe unajua nini? Unanuka mtego."

"Na wewe mla panya unajua nini? Injini hii ilikuwa inanguruma juzi."

"Ndiyo homa yenyewe. Kichwa lazima kiende karakana kwangu."

Bwana Kengele akakubali. Hewala akafungua nati, ila kwanza akatugeuza wanawake wote tutazame mtoni. Alisema injini ikifunuliwa haitazamwi na wanawake, itaona haya. Nasi tulizoea kwamba hata kwenye tanuri la mhunzi mwanamke hasogei, kwa hiyo tukageuka, tukautazama mto kama wajinga. Akaondoka na kichwa cha injini begani kwa wapagazi. Jioni ile mama mkwe alikuwa amevaa bangili mpya ya shaba. Ilikuwa kubwa kwake, ilipanda na kushuka kutoka kiganjani mpaka kwapani kila alipokoroga pombe.

"Nimezawadiwa na mtani," akasema. "Wewe mtani kakupa nini?"

"Kanipa jina, mama. Mla kambale."

Hewala alisema atarudi baada ya mwezi mmoja. Tulipanda mpunga, tukapalilia, tukafukuza ndege, tukavuna, Hewala hayupo. Alikuja wakati nyumba zote zimejaa mpunga na watu wameanza kunenepa tena. Kichwa cha injini alikuwa amekipaka rangi ya kijani. Nje kilipendeza kama jani la mgomba. Akatugeuza tena tutazame mtoni, akakifunga, akaniletea karatasi. Bwana Kengele alikuwa amekwenda kuwinda tembo, na aliniachia mimi kazi ya kupokea.

Nikashika gurudumu. Likazunguka lote, laini, kama nakoroga uji wa mgonjwa.

"Mtani," nikasema, "mbona haibishi?"

"Ni laini kwa sababu nimeitengeneza. Ulitaka niirudishe na kiburi chake?"

Mama mkwe alikuwa pale, kamletea mgeni wake wali na kuku. Akaniambia bila kunitazama, "Usimwaibishe mgeni wangu mbele za watu. Mtoto wa watu ametoka mbali."

Kwetu neno la mkwe halirudishwi. Nikachora msalaba wangu kwenye karatasi. Wanangu, niliipokea. Nataka mjue kwamba ni mimi, si mtu mwingine. Niliipokea kwa aibu, si kwa pumzi.

Injini iliwaka, lakini kama mzee anayesimuliwa habari za ujana wake. Paa... kimya... paa. Siku ya kwanza ilikoboa magunia machache. Siku ya pili wakaja mbwa. Kwanza wawili, kisha saba, wakaketi mbele ya injini kwa mstari, mate yanawatoka, wanaitazama kwa heshima kubwa kuliko waliyowahi kumpa binadamu yeyote wa Ifakara. Niliwafukuza kwa ufagio, wakarudi. Nami nikahisi njaa bila sababu, njaa yenye huzuni ndani yake. Sikufikiri sana, kazi ilikuwa nyingi. Siku ya tatu injini ikanyamaza kabisa.

Hapa ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni mdomo wa mume wangu.

Mmesikia walichoambiwa watu wakati wa vita, kwamba ile dawa ya maji itageuza risasi za Wadachi kuwa maji. Risasi zilikataa, na tuliwazika wengi. Sasa mashine ya Mdachi iliyokuwa ikilia kama bunduki imenyamaza, na wazee wakaanza kunong'ona kilabuni, "Kumbe dawa ilikuwa nzuri. Ilichelewa njiani tu." Mmoja akauliza, "Nani anayeitia maji mashine ile?" Wote wakageuka wakamtazama Kasimiri.

Mwanamume mwenye akili angekana. Kasimiri alikuwa amekunywa, na tangu siku ile watu walikuwa wakimcheka kwa kuruka mtoni. Akatulia, akafuta midomo, akasema kwa sauti ya mganga, "Siri ya maji anaijua mtia maji."

Kesho yake nyumbani kukawa na kuku.

"Kasimiri, kuku hawa wametoka wapi?"

"Watu wananiheshimu, mke wangu."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

Niliwala, sitaki kudanganya. Jogoo alikuwa mgumu, lakini niliwala.

Bwana Kengele aliporudi kutoka porini, habari zilimfikia kabla hajavua viatu. Alimleta askari, Kasimiri akafungwa kamba kwenye nguzo ya banda la mashine. Ingekuwa hamsa ishirini tu, viboko ishirini na vitano, ningemkanda kwa maji ya moto yakaisha. Lakini askari alikuja na mnyororo. Kasimiri alikuwa wa kupelekwa bomani, na waliopelekwa bomani kwa neno "maji" hatukuwaona tena. Hilo hakuna aliyelicheka, hata watani.

Bwana akagonga kengele. "Wewe tia dawa katika maji?"

"Hapana Bwana," Kasimiri akasema. "Mimi natia maji katika maji."

Fundi Hewala alikuwepo, maana wali wa mama mkwe ulikuwa haujamwisha hamu. Akasogea mbele na karatasi yake. "Bwana, mimi nilirudisha injini nzima. Huyu mama aliipokea. Msalaba wake huu hapa. Kilichotokea baadaye ni cha mtia maji."

Nikauona msalaba wangu, umepinda, kama nao ulikuwa umeona haya siku ile. Nikamtazama mume wangu pale kwenye nguzo, mwongo wangu, mwoga wangu, baba wa wanangu. Na wale mbwa saba walikuwa wameketi palepale. Upepo ukanipitia, ukaja na harufu, na safari hii sikuwa na kazi nyingine, nikainusa vizuri. Nikajua kwa nini nilikuwa nahisi njaa yenye huzuni. Ilikuwa ngoma ya baba.

"Bwana," nikasema, "nipe mpaka saa ya chakula."

"Kufanya nini?"

"Kumtafuta mchawi."

Bwana akatazama jua, akamwambia askari asubiri. Nikachukua chakula changu cha mchana. Kilikuwa wali na mlenda. Mnaujua mlenda, unavuta kama kamasi za mtoto. Nikauchukua kwa unyoya wa kuku, nikaupaka pale kichwa kilipokutana na silinda, mzunguko mzima. Nikamwambia Hewala azungushe gurudumu. Lilizunguka bila ubishi, na pistoni ilipopanda mlenda ukatoa mapovu. Pwo! Pwo! Pwo! Kama chura anayeimba. Watoto wakashangilia. Bwana Kengele akainama mpaka mlenda ukamrukia kwenye ndevu.

"Fungua," akasema.

"Wanawake wageuke kwanza," Hewala akasema.

"Leo sigeuki," nikamwambia. "Leo itaona haya injini."

Akafungua. Ndani, pale inapokaa pete ya shaba, palikuwa na pete ya ngozi ya kiboko, imekatwa kwa kisu, imeungua pembeni, katikati imeiva vizuri kabisa. Mbwa walisimama wote kwa pamoja.

"Nini hii?" Bwana akauliza.

"Ndiyo iliyokuja nayo, Bwana. Imetoka nayo Ulaya," akasema Hewala.

"Ulaya," akasema Bwana Kengele polepole, "hakuna kiboko."

Lakini pete ya shaba haikuwepo, na bila pete injini haiwaki, na isipowaka Kasimiri anaondoka. Hewala akaapa kwamba hajui ilipo. Nikapasafisha kwa kitambaa pale pete inapokaa. Kwenye chuma palikuwa na kovu dogo, kinundu kama jino la panya, na chochote kilichobanwa hapo lazima kiwe na kishimo cha kulingana. Shaba ya namna hiyo itaagizwa wapi, na itafika lini? Askari akaanza kukunjua mnyororo. Mama mkwe aliposikia ule mlio akapiga yowe, akainua mikono yote miwili juu, "Mwanangu wee! Mwanangu!"

Na kwenye mkono wa kuume, jua likapiga shaba. Ilikuwa na kishimo cha ukubwa wa jino la panya.

"Mama," nikasema, "samahani mama, naomba hiyo bangili."

"Hii? Nimezawadiwa!"

"Mama, hiyo ni pumzi ya injini."

"Pumzi ya injini ikae mkononi kwangu inafanya nini?"

"Muulize mtani wako."

Hewala alikuwa anatazama mtoni, peke yake, bila kugeuzwa na mtu. Mama mkwe akaelewa. Akaivuta bangili. Haikutoka. Alivishwa mwaka wa maboga akiwa mwembamba, sasa ni mwaka wa wali, mkono umejaa, bangili imezama kwenye nyama kama kamba kwenye mti uliokua. Akavuta tena, akalia, akasema, "Kateni mkono basi! Mkono wangu au mwanangu, kateni!" Askari akatoa panga kweli, mpumbavu yule, Bwana akamgongea kengele.

Sasa kwetu mkwe hashikwi, sembuse kuvuliwa kitu mkononi. Nikachukua unyoya wangu, nikauchovya kwenye mlenda uliobaki, nikamzungushia mkononi nikiwa nimesimama mbali na nimetazama chini, kama adabu inavyotaka.

"Unanitekenya," akasema mama mkwe.

"Samahani, mama."

"Endelea."

Nikamwambia Hewala, "Uliyemvisha, mvue." Akashika, akavuta, mama mkwe akavuta kwake, mlenda ukafanya kazi yake, bangili ikachomoka, na fundi akaangukia lundo la pumba akatoka mweupe kama mzimu.

Bwana akasema injini itawashwa mara moja tu, ikilia Kasimiri yuko huru, isipolia basi. Hewala akaichomeka pete, akakaza nati mbili kati ya sita, akapiga kelele, "Tayari!" Wanawake wakapiga vigelegele. Askari alikuwa na njaa, akasema, "Mama, sema nzuri twende." Bwana akaniuliza, "Nzuri?"

Nikashika gurudumu. Likakawia kidogo, kisha likapita.

"Ipokee tu, mke wangu!" Kasimiri akalia kutoka kwenye nguzo. "Sema nzuri!"

"Sema nzuri," mama mkwe akasema.

Nikamkumbuka Mzee Saidi na msalaba wangu uliopinda.

"Haijabisha, siipokei."

Nikaifungua pete ile mwenyewe. Shaba ikibanwa na kuvaliwa muda mrefu huwa ngumu, haijazi tena mikwaruzo. Iweke motoni mpaka iwe nyekundu, itumbukize majini, inalainika. Chuma hufanya kinyume, msichanganye. Nikaitia kwenye makaa. Ilipoiva nikasema, "Leteni maji." Hakuna aliyesogea. Nikamtazama mume wangu.

"Mimi sitii maji tena maisha yangu yote!" akasema.

Bwana Kengele mwenyewe akaenda kuyachota kwa kofia yake. Pete ikalia chwaa. Nikaipangusa, nikaiweka kishimo kwenye kinundu, nikakaza nati zote sita kwa kukabiliana, hii kisha ya upande wa pili, si kwa kuzunguka kama anayehesabu watoto. Nikashika gurudumu, nikasukuma. Likaja, likaja, likakataa. Nikasukuma kwa kifua, likanirudisha, likanitupa kwenye pumba juu ya Fundi Hewala aliyekuwa ameketi pale, na sijawahi kupigwa na kitu nikafurahi namna ile.

"Nzuri," nikasema kutoka chini.

Wakapasha kichwa cha injini moto kwa taa ya mafuta, maana injini zile hazikuwaka zikiwa baridi, nikazungusha, ikalia paa! paa! paa! Kasimiri akajaribu kukimbia na nguzo. Wale mbwa wakainusa injini, wakaona imekuwa chuma kitupu, wakaondoka mmoja mmoja kwa masikitiko.

Bwana alitaka zile hamsa ishirini apigwe Hewala. Nikamwomba amwache. Mtani hachapwi, mtani analishwa. Nikaichukua ile pete ya ngozi ya kiboko, nikaichemsha kidogo, si siku mbili kama mama yangu, nikamwekea kwenye wali na mlenda juu. "Kula, mtani. Sisi tulikula ngoma nzima." Alitafuna mpaka jua likaegemea. Nusu aliitia mfukoni akidhani hatukumwona, na mbwa wakamsindikiza mpaka Kiberege. Kofia yake niliichukua mimi, ni haki ya utani, nikaivaa kazini kujikinga na vumbi mpaka ikaoza.

Wadachi waliondoka, wakaja wengine, mashine ikapata wenyewe wapya na injini mpya, nami nilibaki kwenye gurudumu. Nilikutana na vali zilizolika nikazisaga kwa mchanga laini wa mto na mafuta. Niliwahi kutafuta pumzi siku mbili nzima, kumbe manyigu wamejenga ndani ya bomba la moshi, nao walipotoka mlinzi alijifunza kuogelea. Karakana nazo nimeziona za kila namna. Zote zina "kesho kutwa." Moja ilinirudishia injini na nati nne, nikauliza mbili ziko wapi, fundi akasema zilikuwa za akiba. Nyingine zinapaka rangi. Mkiona rangi mpya, wanangu, shikeni gurudumu kwa mikono miwili.

Siku yangu ya mwisho mnaikumbuka, mlikuwepo. Mlipika wali na kambale, mkafunga maua mlangoni. Injini ilikuwa imerudi asubuhi ile kutoka karakana, inang'aa, rangi nyekundu safari hii, na fundi kijana amesimama na karatasi yake. Mkaniambia, "Bibi, weka msalaba wako wa mwisho, tule." Wajukuu wangu wamevaa nguo za kanisani. Kasimiri, mzee wangu, mwoga wangu, ameketi mbele kabisa, kijiko tayari mkononi.

Nikashika gurudumu. Likazunguka lote, laini.

"Ipokee tu, mke wangu," Kasimiri akasema. "Wali unapoa."

"Haijabisha, siipokei."